MKOPO WA NYUMBA KWA MTU ANAYEISHI KWA KODI YA VYUMBA

(Haya ni maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati yetu mbele ya mkutano wa wanachama na wastaafu, Mombasa. Tumeyachapa kwa sababu wengi walikuwa zamu siku ile na wameomba kuyasoma.)



Kabla hatujaanza, twataka kumjibu ndugu mmoja aliyetuuliza mlangoni: chama cha wafanyakazi kina habari gani na wenye nyumba? Je, tumekuwa mabwana sasa?

Swali lake ni zuri. Jibu letu ni kwamba mtazame mwenyewe watu waliokaa katika ukumbi huu. Mfanyakazi wa bandari, wa reli au wa kiwandani akimaliza kazi hupewa fedha zake, na jambo la kwanza analofanya nazo ni kujenga vyumba. Hajengi kwa kuwa anataka ubwana. Anajenga kwa kuwa anajua mshahara umekwisha na tumbo halikustaafu. Vyumba sita, wapangaji sita, na kodi ya kila mwezi ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu. Huyu bado ni mwenzetu. Na wapangaji wake pia ni wenzetu, na habari zao tutazifikia, kwa maana mkopo wa mwenye nyumba unaweza kuwa mzigo wa mpangaji.

Katika maneno yetu, tukisema kodi twataka kusema ile inayotoka kwa mpangaji. Ile ya serikali tutaiita ushuru, tusije tukachanganyikiwa.

Sasa tuwape habari ya mzee mmoja, mwendesha mashine wa zamani. Jina lake tutaliacha. Ana nyumba ya vyumba vinane Kisauni, na kiwanja ni chake, hati anayo. Vyumba sita amepangisha, na viwili anakaa mwenyewe na watu tisa. Aliona ni afadhali anunue nyumba ndogo ya kukaa na jamaa yake, kisha vile viwili navyo avipangishe. Akaenda benki kuomba mkopo. Akapokelewa vizuri, akapewa kiti, akaulizwa: “Mzee, karatasi ya mshahara iko wapi?” Akasema amestaafu. “Basi unaishi kwa nini?” Akasema kwa kodi, kisha akatoa daftari la shule lililoandikwa kwa kalamu ya risasi majina ya wapangaji na walicholipa tangu miaka saba iliyopita. Yule kijana wa benki akalitazama daftari, akalirudisha. Akamwambia, “Mzee, mali unayo, lakini mapato hatuyaoni.”

Mzee alikuja ofisini kwetu na hasira. Sisi nasi tukakasirika pamoja naye, kisha tukakaa na daftari lile na taarifa zake za benki, tukaona ya kuwa, kwa bahati mbaya, yule kijana hakusema uongo. Mpangaji wa chumba cha kwanza hulipa kwa M-Pesa kwenye simu ya mke wa mzee. Wa pili humlipa mwanawe. Wawili hulipa mkononi. Wa tano hukatana na mzee kwa kumletea maji na mchele. Ni mmoja tu aliyekuwa akipeleka fedha katika akaunti ya mzee mwenyewe. Katika karatasi za benki mzee huyu ni mtu mwenye kipato cha shilingi 4,500 kwa mwezi. Fedha zingine amekula, amesomesha, amezika watu, lakini hazikuacha alama.

Yafaa tuelewe jinsi benki inavyofikiri. Kwa mtu wa mshahara, benki haina kazi kubwa. Inamjua mwajiri, inajua siku ya mshahara, na fedha hukatwa kabla hazijamfikia. Tena sheria ya kazi ya mwaka 2007 inasema makato yote ya mfanyakazi yasipite theluthi mbili za mshahara wake, ili theluthi moja ibaki ya kula. Sheria hiyo ni ngao ya mfanyakazi, na wakati huohuo ni kipimo cha benki. Mwenye vyumba hana ngao hiyo wala kipimo hicho. Hakuna sheria inayoilazimu benki kumwachia theluthi ya kodi yake. Kila benki hujipimia, na hujipimia kwa hofu, maana mpangaji huhama usiku, chumba hukaa tupu, paa huvuja, na mwezi wa Januari watu hulipa karo kwanza.

Kwa hiyo benki haihesabu kodi yote. Tufanye hesabu ya mfano, nanyi mwaweza kuandika. Vyumba sita kwa shilingi 4,500 ni shilingi 27,000 kwa mwezi. Tuseme benki inakubali sehemu saba katika kumi, na zile tatu inaziacha kwa ajili ya vyumba vitupu na matengenezo. Zabaki 18,900. Tuseme tena inataka mkopo usile zaidi ya nusu ya hizo. Zabaki shilingi 9,450 za kulipa kila mwezi. Hizo ni sawa na mkopo gani? Kwa riba ya 14 kwa mia, kwa miaka 15, kila milioni moja hulipwa shilingi 13,317 kwa mwezi. Basi shilingi 9,450 zaleta mkopo wa kama laki saba na elfu tisa. Mzee wetu alikuwa anafikiria milioni tatu.

Na msidhani kuongeza miaka ndiyo dawa. Milioni moja hiyohiyo kwa miaka 20 hulipwa shilingi 12,435 kwa mwezi. Umepunguziwa shilingi 882 tu. Lakini ukijumlisha yote, kwa miaka 15 utakuwa umelipa kama shilingi 2,397,000, na kwa miaka 20 kama 2,984,000. Kwa kupata nafuu ya shilingi 882 kwa mwezi umeipa benki karibu laki sita zaidi. Tena mzee wa miaka sitini hapewi miaka 20 hata akiomba, kwa sababu mabenki hutaka mkopo umalizike kabla mkopaji hajafikia umri fulani. Ulizeni umri huo kabla ya kulipa ada yo yote.

Riba ndiyo yenye nguvu. Milioni moja kwa riba ya 9.5 kwa mia, miaka 15, ni shilingi 10,442 kwa mwezi, na jumla yake ni kama 1,880,000. Twataja riba hiyo kwa sababu ipo njia ya kuikaribia. Mwaka 2018 iliundwa kampuni iitwayo Kenya Mortgage Refinance Company, ikapewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Kampuni hii haimkopeshi mtu. Inazikopesha benki na vyama vya akiba na mikopo kwa riba ndogo, ili navyo viwakopeshe watu wa kipato cha chini na cha kati kwa riba isiyofika kumi kwa mia. Mikopo hiyo ni ya nyumba ya kukaa mwenyewe, si ya kununua vyumba vya kupangisha. Lakini kama mzee wetu anavyotaka nyumba ya kukaa na jamaa yake, hiyo ndiyo mikopo ya kuulizia kwanza. Waulizeni: “Je, mwapokea fedha za kampuni ile, na je, mwakubali mapato ya kodi?” Wengine watasema ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la pili. Basi nendeni kwingine.

Msione haya mkikataliwa. Mwisho wa mwaka 2022 mikopo ya nyumba katika mabenki yote ya Kenya haikufika 28,000, na mkopo wa kadiri ulikuwa zaidi ya shilingi milioni tisa. Hesabuni wenyewe ni wafanyakazi wangapi wa nchi hii wanaoingia hapo. Mlango huu haukutengenezwa kwa kimo chetu, nasi hatutaacha kulisema jambo hilo kila mahali tunaposikilizwa.

Sasa, mtu afanye nini?

La kwanza, fedha zote za kodi ziingie mlango mmoja. Akaunti moja, kwa jina la yule ambaye jina lake liko katika hati ya ardhi. Mpangaji akilipa kwa simu, alipe katika namba iliyofungwa na akaunti hiyo. Akilipa mkononi, mwandikie risiti, kisha kesho yake zipeleke benki zote, hata kama unazihitaji. Zikisha kuingia, toa za matumizi. Ukila kabla ya kupeleka, umekula ushahidi. Fanya hivyo miezi kumi na miwili bila kuruka. Benki nyingine hutazama miezi sita, lakini mwaka mzima hauna ubishi.

La pili, mkataba wa kupanga uandikwe, hata wa ukurasa mmoja: jina, namba ya kitambulisho, chumba, kodi, tarehe. Tunajua wengine wenu wamekaa na wapangaji miaka kumi kwa neno la mdomo, na heshima ipo. Benki haiwezi kusoma heshima. Na mpangaji naye afaidika, maana siku mkigombana ana karatasi yake.

La tatu ndilo linalowaudhi watu, nalo ni ushuru. Tangu 1 Januari 2016 serikali imeweka ushuru wa kila mwezi juu ya kodi ya nyumba za kukaa. Mwanzo ulikuwa 10 kwa mia; tangu 1 Januari 2024 ni 7.5 kwa mia. Unawahusu wenye kupata kodi ya zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka, yaani 24,000 kwa mwezi, mpaka milioni 15. Mwenye vyumba sita vya mfano wetu anaingia, naye hulipa shilingi 2,025 kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Aliye chini ya hapo haingii katika mpango huu, lakini bado ana fomu ya mwaka ya kujaza.

Tulisikia minong'ono tuliposoma kifungu hiki katika kamati. “Mwatufanyia kazi ya serikali!” La, ndugu zetu. Fikirini hivi: ile stakabadhi ya ushuru ya kila mwezi ndiyo karatasi ya mshahara ya mwenye nyumba. Ni karatasi peke yake, kutoka ofisi isiyo yako wewe wala ya jamaa yako, inayosema fulani alipata kodi hii mwezi huu. Mzee wetu alikuwa ameokoa shilingi elfu mbili kwa mwezi kwa kujificha, na kwa kujificha kwake akawa hayuko. Aliyejificha zamani asikurupuke kujitokeza siku ya kuomba mkopo. Aende kwanza kwa mtu anayejua hesabu, atazame deni la nyuma na adhabu zake, kisha apange kulipa polepole. Ushuru huu hukatwa juu ya kodi yote, hauondoi riba ya mkopo wala gharama ya bati. Mwenye mkopo mkubwa juu ya vyumba vyenyewe anaweza kumwandikia Kamishna kwamba anataka kutozwa kwa hesabu ya mwaka, ambapo riba na matengenezo hutolewa kwanza. Huenda ikamfaa, huenda isimfae. Apigiwe hesabu.

Msikubali njia ya mkato. Wapo mabroka wanaozunguka wakiuza karatasi za mshahara za uongo kwa shilingi elfu chache. Benki hupiga simu kwa mwajiri. Hilo ni kosa la jinai, na chama hakitakuwa na neno la kukutetea.

Sasa tuje kwa jambo la hapa kwetu pwani, ambalo ni chungu zaidi. Mama mmoja, mjane wa mwenzetu, ana nyumba Majengo. Baba mkwe ndiye aliyeijenga. Ina vyumba sita na ukumbi katikati, wapangaji wanalipa vizuri, na mama huyu, tofauti na yule mzee, ana risiti zote. Hata za ushuru anazo. Alipofika benki aliulizwa hati ya ardhi. Akatoa risiti za kodi ya kiwanja anazolipa kwa mwenye ardhi, za tangu zamani za mumewe, zimefungwa kwa kamba. Wakamwambia nyumba ni yake lakini ardhi si yake, na benki haiwezi kuandikisha rehani juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Ndugu, hii ndiyo nyumba bila ardhi, nasi wa Mombasa twaijua. Mizizi yake ni mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani waje kudai ardhi zao mbele ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa na habari na uwezo walidai wakapata hati. Wengi hawakudai, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Baadaye wafanyakazi walipofurika mjini wakajenga juu ya viwanja vya wenye hati kwa kulipa kodi ya kiwanja. Mpaka leo watu wanazaliwa na kuzikwa katika nyumba hizo, na mbele ya benki ni kama wamepanga hewa.

Mama huyu hatukumpa matumaini ya uongo. Kwa hali ilivyo, hakuna benki itakayochukua nyumba ile rehani. Zipo njia mbili. Moja ni kununua kiwanja kutoka kwa mwenye ardhi, na hiyo ni kazi ya watu wote wa mtaa, maana mwenye ardhi huwa na hati moja kubwa ambayo lazima ipimwe na kugawanywa. Mtu mmoja akienda peke yake hutajiwa bei ya kumfukuza. Wakienda arobaini na mpima ardhi wao na wakili wao, mazungumzo huwa mengine. Kila mmoja asilipe hata senti kabla ya kutazama daftari katika ofisi ya ardhi ajue nani hasa mwenye hati, na kama hati yenyewe haimo tayari katika rehani ya mtu mwingine.

Njia ya pili ni Sacco. Hapa twasema kwa kujivunia kidogo, maana vyama hivi vilitokana na wafanyakazi. Sacco nyingi humkopesha mwanachama mpaka mara tatu ya akiba yake, kwa dhamana ya akiba hiyo na ya wanachama wenzake, bila hati ya ardhi. Riba ya kawaida ni moja kwa mia kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Ubaya wake ni kwamba muda ni mfupi, miaka minne, mitano au sita, kwa hiyo malipo ya mwezi ni mazito; tena ukishindwa, wanaoumia ni wadhamini, ambao ni rafiki zako. Mama huyu amejiunga. Anaweka akiba ya kodi ya chumba kimoja kila mwezi bila kuigusa.

Kwa ninyi ambao bado mko kazini, masikio hapa. Wakati wa kuomba mkopo wa nyumba ni sasa, mkiwa na karatasi ya mshahara, wala si baada ya sherehe ya kuagwa. Mshahara na kodi ya vyumba vikiwekwa pamoja huonekana vikubwa. Kodi peke yake huonekana ndogo. Kadhalika fedha zenu za uzeeni zaweza kusaidia kabla hazijatolewa: tangu mwaka 2009 sheria imeruhusu sehemu ya akiba hiyo, mpaka 60 kwa mia, kuwekwa dhamana ya mkopo wa nyumba, na tangu 2020 mwanachama anaweza kutumia mpaka 40 kwa mia, isiyozidi shilingi milioni saba, kununua nyumba ya kukaa. Waulizeni wadhamini wa mfuko wenu. Wakisema hawajui, tuleteeni majina yao.

Akina mama, kama nyumba mnayokaa inawekwa rehani, sheria ya ardhi ya mwaka 2012 inataka idhini ya mke au mume. Msitie sahihi kwa sababu mmeambiwa “ni karatasi tu.” Someni, au leteni isomwe.

Na mkopo ukilegea, msikae kimya. Ukichelewa kulipa mwezi mmoja, benki yaweza kukupa notisi ya siku 90. Zikipita, hutoa notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Kisha dalali naye hutoa siku 45. Nyumba haiwezi kupigwa mnada kwa haraka ya wiki mbili, ye yote anayekwambia hivyo anakutisha. Lakini tumeona watu wakizipokea barua zote tatu na kuziweka chini ya godoro, wakatujia siku dalali amesimama mlangoni. Tuleteeni barua ya kwanza.

Tumeahidi kusema habari ya wapangaji. Yule mzee alipopata hesabu yetu, jambo la kwanza alilosema ni hili: “Basi nipandishe kodi ifike elfu sita, mkopo utatosha.” Tukamwuliza wapangaji wake ni nani. Wawili ni vibarua wa bandarini, mmoja askari wa mlangoni, mmoja mwuza samaki. Tukamwuliza vibarua hao wamepata nyongeza gani mwaka huu. Akanyamaza. Sisi kama chama hatuwezi kupigania mshahara wa kibarua asubuhi, kisha jioni tukamshauri mwenzetu amnyang'anye ile nyongeza. Tena hata kwa hesabu kavu, vyumba viwili vikikaa tupu miezi mitatu kwa sababu ya bei, mzee amepoteza shilingi 27,000, ambazo ni kodi ya mwezi mzima wa nyumba yake. Amekubali kungoja mwaka mmoja, fedha zikiingia mlango mmoja, na kuomba mkopo mdogo zaidi wa kiwanja nje ya mji badala ya nyumba iliyokamilika.

Ametimiza miezi mitano sasa. Yule mpangaji wa maji na mchele bado analeta maji na mchele, hatukuweza kuwashawishi, wote wawili wanapenda vivyo hivyo.

Karani atakaa ofisini kila Jumamosi asubuhi kwa kazi hii. Leteni taarifa za benki za miezi kumi na miwili, nakala ya hati ya ardhi kama mnayo, stakabadhi za ushuru, na ile ripoti ya deni kutoka kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo, ambayo kila mtu ana haki ya kupata mara moja kwa mwaka bila malipo. Wenye nyumba bila ardhi wa Majengo na Likoni waandike majina yao mezani kabla ya kutoka, pamoja na jina la mwenye kiwanja, ili tujue ni wangapi walio chini ya hati moja.